Mbili Bila Pale Pelham

Ashmore, Ohio
7 Februari 1978

Dada Verna,

Nimeamua kukuandikia kwa sababu tukipigiana simu tutagombana kabla ya salamu, na wewe ukikasirika unakata. Barua huwezi kuikata. Utaisoma mpaka mwisho hata kama unasaga meno.

Leo umekuja msimamo mpya wa ligi. Nimeusoma nikiwa nimesimama mlangoni, koti bado mwilini. Jumamosi tarehe 4: Pelham 2, Ashmore 0. Mbili bila! Verna, hata watoto wa chekechea hawamalizi mechi ya kikapu kwa mbili bila. Nilidhani mpiga chapa amelewa. Nikampigia Bi. Schlatter, katibu wa ligi, naye kwa ile sauti yake ya kusoma matangazo ya kanisani akaniambia hapana, si kosa. Ashmore haikutokea uwanjani, kwa hiyo Pelham imepewa ushindi wa mezani.

Haikutokea! Jumamosi ile theluji ilikuwa inavuka barabara kwa ubavu, nguzo za simu hazionekani, na basi letu lilitumbukia mtaroni hata kabla hatujaingia Indiana. Nilitembea mpaka kwa mkulima mmoja, nikaomba simu, nikakupigia ofisini kwako. Nakumbuka kila neno. Nilisema, "Verna, barabara imefungwa, tuifute hii mechi." Na wewe ukajibu, "Haya." Kisha laini ikafa. Nikarudi kwa wasichana wangu nikawaambia msiwe na wasiwasi, nimeongea na dada, tumekubaliana, mechi imefutwa, imbeni mpaka trekta lije litutoe.

Mahesabu unayajua. Timu moja tu ya ligi yetu ndiyo inayokwenda mashindano ya kanda mwezi ujao. Sisi tumefungwa mara mbili, nyinyi mara mbili, na mechi zilizobaki ni za timu ambazo tutazifunga hata tukiwa na mafua. Mechi hii ikifutwa haihesabiwi kwa yeyote. Tutabaki sawa, na tukibaki sawa wataangalia ni nani alimfunga mwenzake Desemba. Ni sisi. Lakini hiyo mbili bila ikibaki, nyinyi mnatupita na sisi tunakaa nyumbani kufuma soksi. Mona Dietsch na wenzake watatu wanamaliza chuo mwaka huu. Hawa ndio nilioanza nao enzi zile tunafanya mazoezi alfajiri kwa sababu ukumbi mchana kutwa ulikuwa wa wavulana.

Mwandikie Bi. Schlatter kwamba tulikubaliana kufuta. Mstari mmoja unatosha.

Mama anauliza kama ulipata blanketi.

Mdogo wako,
Lottie


Pelham, Indiana
10 Februari 1978

Lottie,

Blanketi nimepata. Mwambie mama asante, ni zito kama ndama.

Sikusema haya. Nilisema haloo. Simu ililia, nikainua, nikasikia mvumo kama chungu kinachemka, halafu sauti yako, "Verna, barabara," basi. Nikasema haloo. Nikasema haloo tena kwa nguvu mpaka watu wa ofisi ya jirani wakachungulia. Wewe umekuwa ukisikia unachotaka kusikia tangu utotoni. Baba akisema "tutaona," ulikuwa unakimbilia kuvaa viatu.

Kwa hiyo hatukukubaliana lolote. Mtu hawezi kukubali neno ambalo hakulisikia. Na kanuni unaijua. Ulikuwa kwenye kikao tulipoipitisha na mkono wako ulikuwa juu kuliko wa wote. Saa ya mechi ikifika, timu iliyopo inaingiza wachezaji watano, refa anarusha mpira, wanafunga kikapu kimoja, mechi imekwisha. Wasichana wangu walikuwepo. Refa, Bwana Teeple, alikuwepo. Mpira ulirushwa. Sikuutunga mimi huo utaratibu.

Wewe una wanne wanaomaliza, mimi nina watano. Joyce Hirschy, kapteni wangu, amecheza msimu mzima goti likiwa limefungwa bandeji na hajawahi kuniomba apumzike. Mwaka juzi mlikwenda nyinyi. Mwaka jana walikwenda wengine. Pelham haijawahi kwenda, hata mara moja, tangu wasichana waruhusiwe kuvaa jezi hapa. Sitawapokonya wasichana wangu kitu walichopewa na kanuni kwa sababu tu kocha wa upande wa pili ni mtoto wa mama yangu.

Msimamo wangu ndio huo, na usipoteze stempu.

Verna


Ofisi ya Katibu wa Ligi
14 Februari 1978

Kwa Makocha, Bi. V. Amstutz wa Pelham na Bi. C. Pruitt wa Ashmore

Kuh: Mechi ya tarehe 4 Februari

Nimepokea simu nyingi kutoka kwa mmoja wenu na kimya kutoka kwa mwingine. Sasa naomba nisikilizwe mimi.

Rekodi za ligi yetu zina njia tatu. Mechi iliyochezwa huandikwa kwa matokeo yake. Mechi ambayo timu moja haikufika huandikwa mbili bila kwa faida ya timu iliyofika. Mechi iliyofutwa kwa makubaliano ya makocha wote wawili haiandikwi popote, ni kama siku hiyo hapakuwa na mpira. Hakuna njia ya nne, ingawa Bi. Pruitt amenipendekezea kadhaa.

Makubaliano hayo si lazima yawe yamefanyika siku yenyewe. Yanaweza kuandikwa na kutiwa saini na makocha wote wawili mpaka saa kumi na moja jioni tarehe 4 Machi, msimu unapofungwa. Baada ya hapo hata gavana akija hatanifungulisha kabati.

Kuhusu kurudia mechi, sina pingamizi mradi uwanja uwe umekaguliwa na ligi. Lakini mgomo wa wachimba makaa ya mawe bado unaendelea, na amri ya kubana umeme imefunga kumbi za vyuo vyote vya Indiana kwa mechi za wageni. Ukumbi wa Ashmore nao paa lake limelemewa na theluji na mafundi hawajamaliza. Kwa hiyo sioni mtachezea wapi.

Wenu katika michezo,
Bernadine Schlatter


Ashmore
16 Februari 1978

Dada,

Kwa hiyo ni kweli mlirusha mpira. Niliposoma barua yako ya kwanza nilidhani unanisomea kanuni. Nimeirudia ndipo nikaelewa kwamba unanieleza mlichofanya. Wasichana wangu wako ndani ya basi lililolala upande, wamevaa soksi mikononi, na wewe uko kwenye ukumbi unaowaka taa, unapanga watu watano waruke dhidi ya hewa! Hewa ilikaba vizuri? Ilifanya faulo ngapi?

Najaribu kuchekesha lakini nimeumia, Verna. Ungekuwa kocha mwingine yeyote ningesema ndivyo watu walivyo. Lakini ni wewe, na ulijua niko njiani, na ulisikia neno "barabara." Sijui ulikuwa unafikiria nini.

Sawa. Sitaki tena uandike kwamba tulikubaliana. Nataka tucheze. Kuna banda la maonyesho ya ng'ombe pale Willow Fork, karibu na mpaka, kwako na kwangu ni mwendo uleule. Watoto wa shule ya pale huchezea humo wakati wa baridi. Lina sakafu ya mbao, vikapu viwili, na madirisha makubwa pande zote, halihitaji taa. Mwenye funguo ni Dwight, kaka wa mume wangu. Jumamosi tarehe 25, saa saba mchana. Refa awe huyohuyo Teeple wako, sijali.

Mkitufunga, nendeni kanda, na tambi na kuku za njiani nitawapikia mimi. Tukiwafunga, mnajua.

Au unaogopa?

Lottie


Pelham
18 Februari 1978

Lottie,

Hapana.

Ushindi ninao. Sioni sababu ya kuupeleka kwenye banda la ng'ombe. Na usinichokoze kwa neno "kuogopa." Mbinu hiyo ilifanya kazi nilipokuwa na miaka kumi na miwili, juu ya paa la zizi, na mkono wangu mpaka leo ukipigwa na baridi unanikumbusha.

Verna

Hewa haikufanya faulo hata moja. Ilicheza kistaarabu kuliko timu yako.


Bweni la Wasichana, Pelham
21 Februari 1978

Mpendwa Kocha Pruitt,

Barua yako nimeipata. Samahani, wenzangu waliifungua kabla yangu kwa sababu bahasha ilikuwa imeandikwa Ashmore.

Hatukujua kwamba mmeomba mechi. Kocha hakutuambia. Tulipomuuliza mazoezini alisema, "Kimbieni," tukakimbia mpaka Peggy akatapika.

Lakini kuna jambo umelisema vibaya kwenye barua yako, na lazima nikusahihishe ingawa wewe ni mkubwa wangu. Umesema Kocha aliwasha taa ili apate mbili bila. Si kweli. Simu ilipokatika alitoka ofisini mbio. Akasema, "Wako njiani na wamekwama." Akatuambia tuwashe taa zote za ukumbi, hata zile za mlango wa nyuma, na tufungue mapazia, ili basi lenu likipita barabara kuu mtuone. Akampigia sherifu mpaka laini ikafa kabisa. Halafu akachukua gari lake kwenda kuwatafuta. Alifika darajani tu, gari likazama kwenye theluji, akarudi kwa miguu. Nilimvua viatu mimi mwenyewe. Vidole vilikuwa vyeupe hata kucha.

Sisi tulikuwa tumevaa jezi kwa sababu yeye alituambia tuvae. Alisema, "Mtaona, watafika, na atakapofika atataka kucheza hapohapo, namjua mdogo wangu." Tukakaa. Saa ya mechi ikafika. Bwana Teeple akasema miguu inamuuma kwa baridi na kanuni ni kanuni, tuingie watano. Kocha hakuwa hata anatazama, alikuwa dirishani. Mpira ukarushwa, nikaruka peke yangu, nikaenda nikafunga. Hakuna aliyepiga makofi. Niliona aibu, kama mtu aliyekutwa anaongea peke yake. Ndipo Kocha akageuka akauliza, "Mnafanya nini?" Bwana Teeple akamwambia, "Hongera."

Zile pointi mbili zimeandikwa kwa jina langu. Nimefunga nyingine nyingi msimu huu, tena nikiwa na watu wawili mgongoni, lakini watu wananiuliza hizo tu.

Jana tumepiga kura chumbani kwa Peggy. Tunataka kucheza. Peggy peke yake ndiye aliyekataa, na chumba ni chake, kwa hiyo akatufukuza. Nitamwambia Kocha kesho. Mkisikia mlipuko huko Ohio, ndio huo.

Wako mtiifu,
Joyce Hirschy

Tafadhali usimwambie kwamba nimekueleza habari ya daraja. Watu wote amewaambia kwamba anachechemea kwa sababu aliteleza kwenye ngazi.


Pelham
22 Februari 1978

Charlotte Marie,

Naam, Lottie, nakuita kwa jina zima kama mama akikasirika. Umemwandikia mchezaji wangu, nyuma ya mgongo wangu, kwenye bweni lake. Mimi nisingemwandikia Mona Dietsch hata kama nyumba yako inaungua na yeye ndiye mwenye ndoo. Hili sitalisahau leo wala kesho, na mama nitamwambia.

Joyce alinijia wakati wa chakula cha mchana, mbele ya watu, trei mkononi. Akasema, "Kocha, zile mbili sizitaki." Nikamkumbusha kanuni. Akasema anaijua. Nikamwambia, Joyce, una nafasi mkononi, ukicheza unaweza kuipoteza, na mwaka ujao huna, umemaliza. Akasema, "Hilo nalijua kuliko wewe, Kocha." Kisha akakaa meza ya mbele yangu akala pai yake yote bila kuharakisha.

Miaka yote hii nimewafundisha wasichana kutorudi nyuma. Sasa hawarudi nyuma, na aliyesimama mbele yao ni mimi. Nimejitakia.

Jumamosi, saa saba. Teeple atakuja lakini anataka kiti chenye mto. Tambi zako usilete. Kabla ya mchezo sitakula chakula chako, na baada ya mchezo mmoja wetu hatakuwa na njaa.

Verna


Pelham
26 Februari 1978

Mpendwa Bi. Schlatter,

Naripoti kwamba jana saa saba mchana, katika banda la maonyesho la Willow Fork, Pelham na Ashmore zilicheza mechi kamili, vipindi viwili, refa Bwana Orville Teeple. Ashmore 49, Pelham 48.

Naeleza kidogo ili isije ikasemwa kwamba timu yangu ililegeza kwa sababu kocha wa wenzetu ni mdogo wangu. Hakuna aliyelegeza. Mchezaji wangu mmoja ameshonwa kidevu na mmoja wa Ashmore amekwenda nyumbani bila jino. Jua la dirishani liliwapiga wote machoni sawasawa, kipindi kimoja sisi, kipindi kimoja wao. Tulikuwa nyuma kwa kumi na moja wakati wa mapumziko na tukarudi. Mwishoni kabisa Joyce Hirschy alipewa mitupo miwili ya faulo, tuko nyuma kwa mbili. Wa kwanza uliingia. Wa pili uligonga ukingo, ukapanda, ukagonga tena, ukatoka. Wakulima wa pale, ambao hawakuwa upande wa mtu yeyote, walisimama wakavua kofia.

Naomba mechi hii iandikwe mahali pa ile ya tarehe 4, na mbili bila iondolewe. Pelham imemaliza msimu ikiwa imeshinda kumi na moja na kufungwa tatu. Imeniuma kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Wako,
Verna Amstutz


Ofisi ya Katibu wa Ligi
28 Februari 1978

Kwa Kocha V. Amstutz. Nakala kwa Kocha C. Pruitt.

Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, na nasikitika.

Banda la Willow Fork halijakaguliwa na ligi. Nimemtuma mtu leo asubuhi akalipima. Sakafu yake ni fupi kuliko inavyotakiwa, na upande mmoja mstari wa mwisho unapita chini ya zizi la kuonyeshea nguruwe. Mechi iliyochezwa kwenye uwanja usiokaguliwa ni mechi ya kirafiki, na mechi ya kirafiki haihesabiwi, haidhuru watu wameumizana kiasi gani.

Kwa hiyo rekodi inabaki ilivyokuwa. Tarehe 4 Februari: Pelham 2, Ashmore 0. Pelham imeshinda kumi na mbili na kufungwa mbili. Ashmore imeshinda kumi na moja na kufungwa tatu. Pelham ndiyo itakayotuwakilisha kanda kuanzia Ijumaa tarehe 10 Machi. Pongezi.

Kifungu cha kufuta mechi kwa makubaliano bado kiko wazi mpaka Jumamosi jioni. Nakitaja kwa sababu kanuni inanitaka nikitaje.

Bernadine Schlatter

Ningependa kuwa nimeiona hiyo mechi.


Ashmore
2 Machi 1978

Dada Verna,

Nakala ya Bi. Schlatter imefika jana. Nilivunja kikombe, kile cha maua ulichonipa kwenye harusi, na sikuombi msamaha kwa sababu sikukipenda kamwe.

Nilitaka kukuandikia palepale. Nilikuwa na maneno, yamepangana vizuri kabisa. Nimekaa nayo usiku mzima na asubuhi yameniisha. Wewe ulikuwa na nafasi yako kibindoni na ukaileta Willow Fork ndani ya gari la kuazima, na tukakufunga, na ulinipa mkono. Nikikuomba zaidi ya hapo nitakuwa sina haya.

Kwa hiyo sikuombi saini. Sikiliza vizuri, maana siku hizi tunasikiana vibaya. Sikuombi. Wasichana wangu nimewaambia: tumewafunga, sisi tunajua, wao wanajua, Teeple anajua, ng'ombe wa Willow Fork wanajua. Mona alilia, akafuta pua, akauliza mazoezi ya mwakani yanaanza lini, halafu akakumbuka kwamba mwakani hayupo, akalia upya. Nililia naye. Nendeni huko kanda mkawapige watu.

Kuna jambo jingine. Nilikatazwa kusema lakini nimeshindwa kunyamaza. Joyce aliniambia habari ya taa na ya daraja. Verna, mimi nilikuwa nimekaa kwenye joto jikoni kwa mkulima nakunywa kahawa yake, nimeridhika kwamba tumeelewana, na wewe ulikuwa unatembea kwenye theluji kunitafuta. Kisha nikakuandikia yale ya hewa na faulo. Kwa nini hukuniambia? Kwa nini uliniacha nikutukane?

Vidole vyako vikoje?

Lottie


Pelham
3 Machi 1978

Mdogo wangu Lottie,

Vidole ni kumi, kimoja kina hasira. Joyce atakimbia mizunguko kwa ajili ya mdomo wake.

Sikukuambia kwa sababu ungelia, kisha na mimi ningelia, na tungekuwa na msimu wa kumaliza huku tunalia. Pia nilikasirika. Nilikasirika kwamba uko salama na unanitukana, na nilifurahi kwamba uko salama na unanitukana. Sijui kuandika hayo mawili kwenye barua moja. Sasa nimeyaandika.

Barua yako imefika mchana huu nikiwa ndiyo kwanza narudi kutoka kwa Bi. Schlatter, kwa hiyo usidhani umenilainisha. Nilikuwa nimeshasaini. Karatasi iko mezani kwake: mechi ya tarehe 4 Februari imefutwa kwa makubaliano. Saini yangu iko juu, yako inasubiriwa chini. Barua hii inakuja na basi la usiku, utaipata asubuhi; nenda Jumamosi hiyohiyo kabla ya saa kumi na moja. Usipokwenda kwa ajili ya kiburi chako cha "sikuombi," nitakuja kukuburuta kwa nywele kama zamani.

Jana niliwakusanya wasichana. Niliwaambia mechi ambayo hatukucheza imehesabiwa, mechi tuliyocheza haihesabiki, na kwa mahesabu hayo tunakwenda kanda. Peggy akasema basi twende, kanuni si sisi tulioitunga. Maneno hayo nilikuandikia wewe mimi mwenyewe. Wawili wakamuunga mkono. Wakabishana sana, wengine kwa kelele, na niliwaacha. Joyce alikaa na barafu gotini. Baadaye akaniuliza kama mechi ya Willow Fork itaandikwa mahali popote. Nikamwambia hapana. Hata kwenye ubao wa hapa ukumbini? Hapana. Hata ule mtupo wangu uliotoka? Nikamwambia, Joyce, hata huo. Akasema, "Basi na ule niliofunga peke yangu usiandikwe." Peggy akatupa kiatu ukutani, na tangu jana hasemi nami. Simlaumu. Nimetaka safari hiyo ya kanda tangu wewe hujajua kuendesha gari. Nililia mbele ya posta, ndani ya gari, nikijifanya natafuta stempu.

Sasa tuongee kazi. Mona wako akipata mpira anageukia kulia kila mara. Sisi tulilijua hilo, ndiyo maana Willow Fork hakufurukuta. Huko kanda watalijua kabla ya mapumziko. Alhamisi mnapopita hapa kwenda mashindanoni, shukeni na viatu vyenu, saa nane. Ukumbi wetu umefungwa kwa mechi, lakini haya ni mazoezi, kwa hiyo Bi. Schlatter hana pa kuyaandika. Mwanga wa madirisha unatosha mpaka saa kumi na moja. Joyce atamzibia Mona upande wa kulia mpaka azoee kwenda kushoto.

Peggy naye atakuwepo. Amesema, kupitia kwa Joyce, kwamba nafasi anayokwenda nayo Mona ni yake, na hatakubali mtu aende akafungwe nayo raundi ya kwanza.

Verna